Faili Safi la Zamoyoni

Wazazi wenzangu, mimi niliishia darasa la saba, tena niliketi dawati la nyuma, kwa hiyo mkikuta maandishi yamepinda mnisamehe. Si mtu wa kuandika. Naandika kuwaonya tu, halafu nirudi jikoni kwangu.

Nchi yetu sitaitaja jina. Si kwa woga. Kuitaja kwa maandishi kunataka kibali, na dirisha la vibali lilifungwa kwa ukarabati wakati mwanangu wa mwisho ananyonya. Sasa ananyoa ndevu. Lakini mkisoma mtaijua.

Zamoyoni ni binti yangu wa kwanza. Alikaa chuoni miaka mitatu akatoka na cheti cha kupima maziwa. Kupima maziwa si mchezo. Anachukua tone, anatia dawa, anasubiri kidogo, anakwambia kama ng'ombe anaumwa chuchu au kama mwenye ng'ombe ameongeza maji. Hata bila dawa, akinusa tu anajua. Muuza maziwa wa mtaani kwetu ilibidi abadilishe njia kwa ajili yake. Basi alirudi nyumbani na cheti chake, akaanza kutafuta kazi kama watu walivyokuwa wakitafuta zamani, yaani anasikia mahali pana kazi, anakwenda, anauliza.

Wakati ule ule Serikali ikagundua tatizo.

Mheshimiwa Waziri wa Utafutaji alilitangaza redioni mchana. Alisema kwa miaka mingi taifa limedanganyika kwamba kazi ni chache. Wataalamu wamekwenda nje ya nchi kuchunguza, wamekaa huko mwaka mzima, wamerudi na jibu: kazi si chache wala si nyingi, shida ni kwamba vijana wanatafuta ovyo.

"Kijana anaamka, anavaa, anatoka," alisema Mheshimiwa. "Ukimuuliza jana ulitafuta wapi, hajui. Sasa ndugu wananchi, mtu wa namna hiyo hata akiipata hiyo kazi, ataiweka wapi?"

Watu waliokuwa ukumbini walipiga makofi. Mimi nilikuwa nachambua mchicha, nikapiga makofi na mikono yangu ina maji. Niliona amesema kweli. Mimi mwenyewe nikikuta vijiko vimewekwa kwenye vikombe, siku yangu imeharibika.

Ndipo ikapitishwa Sheria ya Utafutaji Wenye Mpangilio. Kila mtafuta kazi alipewa namba, na bila namba hiyo hakuna ofisi inayoruhusiwa kusoma barua yake. Ili namba isifutwe, unatunza mafaili manne. La kijani ni la mahali unapokusudia kuomba. La njano ni la mahali ulipokwisha kuomba. Jekundu ni la waliokukataa. La buluu ni la waliokaa kimya. Juu ya hayo kuna Daftari Kuu, ambamo unaandika tarehe, saa uliyofika, jina la mtu wa mapokezi, na kama uliposalimia aliinua kichwa au hakuinua.

Faili la buluu la Zamoyoni lilinenepa kuliko mengine yote. Tulilifunga kwa kamba ya katani.

Mkaguzi wetu alikuwa Bwana Kipangula. Alikuja kila Alhamisi saa nne asubuhi na rula mfukoni, anapima kama karatasi zimelingana pembeni. Naye alikuwa ametafuta kazi miaka saba, akaipata siku sheria ilipopita, maana walitakiwa wakaguzi elfu tisa kwa mpigo. Mtu mpole, ananiita mama yangu, anakunywa chai bila sukari. Aliniambia sheria hii imeleta ajira nyingi, akajinyooshea kidole kifuani.

Nikaona huyu mtoto nimsaidie. Nilipika gundi ya unga wa muhogo. Nilishona mafaili kwa sindano ya magunia. Barua za kumkataa nilikuwa nazinyunyizia maji kidogo kama mashuka, nazipiga pasi ya mkaa, zinalala bapa. Bwana Kipangula akizishika anatikisa kichwa kwa kuridhika. Alisema wilaya nzima hajaona kukataliwa kulikotunzwa hivyo.

Jirani yetu Mama Sikudhani yeye hakuwa hivyo. Mwanawe Sikudhani alisoma darasa moja na Zamoyoni, na mtihani alirudia. Faili lake la njano liliachwa uani likaliwa na mbuzi. Alhamisi ilipofika Bwana Kipangula alimuuliza mbuzi ni wa nani, akaandika, akafuta namba ya Sikudhani pale pale. Mama Sikudhani alikuja kwangu akakaa kwenye kibao, akaniuliza sasa mwanawe atafanyaje. Nikamwambia jirani yangu, watoto tuwafundishe mpangilio wakiwa wadogo. Nilimwambia hivyo huku nimeshika pasi. Alimaliza maji yake akaondoka.

Mwaka ulipokwisha, Mheshimiwa alitangaza kwamba ukosefu wa kazi umetokomezwa nchini. Mtu mwenye mafaili manne safi, alieleza, anaamka asubuhi, anavaa, anatoka, anarudi amechoka. Huyo ana tofauti gani na mfanyakazi? Kwa hiyo wote wakahesabiwa wako kazini, upande wa kutafuta. Ilitangazwa sikukuu, ikaitwa Siku ya Mpangilio. Tulipika pilau.

Sasa nafika kwenye barua.

Ilikuja siku ya Ijumaa. Zamoyoni alikuwa kwenye foleni ya Idara ya Malisho, nikaipokea mimi. Bahasha nyeupe, pembeni imechorwa ng'ombe. Ilitoka kiwanda cha maziwa cha Mrunguo, na Mrunguo kwa basi ni safari ya kutwa. Niliishika kwenye mwanga wa dirisha. Ndani nikaona maandishi, sikuona yanasema nini.

Nawaeleza utaratibu ili mnielewe. Barua ya mtafuta kazi haifunguliwi mpaka mkaguzi aisajili, na mkaguzi husajili Alhamisi. Nilimfuata Bwana Kipangula hadi kwake, nikamkuta anafua, nikamuuliza hii niiweke faili gani wakati inasubiri. Aliwaza sana, povu likamkauka mikononi. Akasema barua ambayo haijafunguliwa haijasema kitu, na asiyesema kitu yuko kimya, basi mahali pake ni buluu. Nikaiweka kwenye buluu. Zamoyoni aliporudi nilimwonyesha. Aliuliza kama hatuwezi kuichungulia kwa mvuke wa birika. Nikamkemea.

Alhamisi iliyofuata ikaangukia Siku ya Mpangilio. Wakaguzi wote elfu tisa walikuwa uwanjani wanaandamana kwa mistari, tukawatazama kwenye runinga ya jirani. Tukangoja Alhamisi nyingine.

Bwana Kipangula alipoifungua, aliisoma kimoyomoyo kwanza, kisha akavua miwani. Kiwanda kilisema kimemchagua Zamoyoni kuwa mpima maziwa. Nyumba ndogo ipo, koti jeupe lipo. Aripoti kabla ya Jumatano ijayo saa mbili asubuhi, asipofika nafasi atapewa atakayekuwepo.

Zamoyoni alikaa chini. Aliuliza basi la Mrunguo huondoka siku gani. Nikamwambia kila siku, saa kumi na mbili asubuhi. Akaanza kuhesabu kwa vidole nguo za kubeba.

Bwana Kipangula hakuinuka. Alikuwa anapekua kitabu cha sheria, kile kikubwa chenye jalada la plastiki. Alisema hongera ni hongera, lakini mtu hawezi kuanza kazi na faili halijafungwa. Akianza, atahesabiwa mara mbili, huku kwa wanaotafuta na kule kwa wanaofanya kazi, na hesabu ya taifa itaonyesha watu wengi kuliko watu waliopo. Hiyo ni hujuma. Adhabu yake ni kufutiwa cheti.

Nikauliza faili linafungwaje. Akasema la kijani unalichana. La njano na jekundu anapiga mhuri yeye. La buluu ndilo lenye kazi kidogo. Kila ofisi iliyokaa kimya inatakiwa ithibitishe kwa maandishi kwamba imekaa kimya.

Ofisi za buluu zilikuwa arobaini na moja.

Ijumaa tukaanza asubuhi, mimi na yeye, faili nimelibeba kichwani. Ofisi ya kwanza walitupokea vizuri ajabu. Mama mmoja mwenye kishada cha manyoya kwenye kalamu alisema hajawahi kuombwa kitu kinachowezekana tangu aajiriwe, akatuandikia uthibitisho wa kurasa mbili. Ofisi ya pili walitupa fomu. Ya tatu tulikuta mapokezi tu. Tulimuuliza dada wa mapokezi ofisi yenyewe iko wapi, akasema yeye anapokea, nyuma yake hajawahi kwenda. Tulichungulia. Nyuma yake kulikuwa na ukuta. Akatupigia mhuri wa mapokezi.

Idara ya Mabwawa ndiyo iliyotutesa. Walikuwa kimya kwa Zamoyoni mwaka na nusu. Afisa wao, kijana mwenye tai ndefu mpaka mkandani, alitusikiliza mpaka mwisho.

"Mama, nikuelimishe," alisema. "Sisi hatujakaa kimya. Ombi la binti linafanyiwa kazi. Na nikiandika kwamba tumekaa kimya, hapo si nitakuwa nimejibu?"

Zamoyoni alimwambia basi andika umejibu. Akasema hawezi, kwa sababu hawajajibu. Tulikaa kwenye benchi lake mpaka wakafunga. Daftari Kuu tuliandika: aliinua kichwa.

Jumamosi na Jumapili ofisi zililala. Jumatatu tulitembea mpaka soli ya ndara yangu ikaachia, nikaifunga kwa kamba ya faili. Jioni zilikuwa zimebaki ofisi tatu, na Idara ya Mabwawa ni mojawapo.

Jumanne asubuhi, kabla jua halijatoka vizuri, nilikuta Zamoyoni amesimama mlangoni na begi begani. Ameoga, amesuka nywele mistari. Basi tulilisikia likipiga honi barabarani, ile honi ndefu ya kuita abiria.

"Mama, basi linaondoka," alisema. "Niende?"

Hapa nawaomba msome polepole. Mtoto aliniuliza mimi. Hakumuuliza Waziri wala Bwana Kipangula. Na cheti kilikuwa kwenye begi, na barua ilikuwa kwenye begi, na kule wanamngoja. Mimi nikatazama meza. Nikaona karatasi thelathini na nane za uthibitisho zimelala bapa, zimepangwa kwa tarehe, na nafasi tatu ziko wazi. Nikaogopa zile tatu.

"Tumalize faili kwanza," nilisema.

Aliweka begi chini. Hakubishana nami. Ni mtoto niliyemlea mwenyewe.

Idara ya Mabwawa walitupa uthibitisho wao siku hiyo hiyo saa tisa alasiri. Kijana wa tai alikuwa likizo, na aliyeshika nafasi yake hakujua kwamba haiwezekani. Mbili zilizobaki tulizimaliza Jumatano. Alhamisi Bwana Kipangula alilifunga faili kwa mhuri mkubwa wa duara, akasema ni la kwanza katika taifa zima kufungwa bila dosari. Ijumaa Zamoyoni akapanda basi.

Alirudi Jumapili. Alinieleza kwa maneno machache. Alifika getini, mlinzi akampeleka maabara, na aliyemfungulia mlango wa maabara alikuwa Sikudhani wa jirani, amevaa koti jeupe. Namba yake ilikuwa imefutwa, hakuna ofisi iliyoruhusiwa kusoma barua yake, kwa hiyo hakuandika barua. Alitia cheti kwenye mfuko wa rambo uliokuwa na unga, akapanda basi la Jumanne, Jumatano saa mbili akawa amesimama getini anauliza kama kuna kazi. Wakamwambia kuna mtu tunamngoja. Wakangoja mpaka saa tano, maziwa yanaanza kuganda, wakamwambia haya ingia wewe.

Alimkaribisha Zamoyoni chai. Wakalia wote wawili, lakini mmoja alikuwa kazini, ikabidi anawe akaendelee.

Kwa kuwa faili lilikuwa limefungwa na kazi haikupatikana, tulifungua jipya. Lile la zamani lilichukuliwa makao makuu. Miezi miwili haikupita tukaitwa wote mji mkuu. Walituweka kwenye viti vya mbele vyenye vitambaa. Mafaili manne ya binti yangu yalikuwa ndani ya kabati la kioo, na taa yake, na askari pembeni. Watu walikuwa wanapita kwa mstari kutazama. Mama mmoja aliinama kwenye kioo akamwambia mwenzake angalia hizi za kukataliwa, zimepigwa pasi.

Mheshimiwa alihutubia. Alisema watu wanaopinga husema mpangilio haujampa mtu hata mmoja kazi. Akasema leo tumjibu mpinzani huyo kwa vitendo.

"Huyu binti alipewa kazi kabisa," alisema, na akamsimamisha Zamoyoni. "Akaambiwa njoo. Lakini alisema hapana, faili kwanza. Ni nani kati yenu angeweza? Mimi mwenyewe nisingeweza."

Makofi yakachukua muda. Safari hii mikono yangu ilikuwa mikavu na haikupiga.

Wakamvika ukanda: Mtafuta Kazi wa Mfano, kipindi cha miaka mitano. Karatasi ya masharti nilipewa mimi niishike. Niliisoma njia nzima tukirudi. Sharti la pili lilisema mwenye cheo hiki ataendelea kutafuta muda wote wa kipindi chake, ili nafasi ya mfano isibaki wazi.

Tangu hapo mwanangu hana shida. Anakula, analala, anaamka saa ile ile. Hajanilaumu hata siku moja, na mimi nilikuwa nikingoja alaumu. Anapotoka mjini anarudi na kuketi na Daftari Kuu. Wiki iliyopita alikwenda bafuni akaliacha wazi, nikalitazama. Baada ya ofisi za siku hiyo alikuwa ameandika mstari mmoja zaidi, kwa mwandiko ule ule mzuri: Nyumbani. Saa kumi na moja na robo. Mama. Hakuinua.

Nilikuwa nachagua mchele. Sikumsikia akiingia.

Jumamosi hii imekuja barua nyingine ya kiwanda. Sikumfuata mtu. Nilichukua kisu cha kukatia vitunguu nikaipasua nikiwa nimesimama. Sikudhani amepandishwa cheo, anasimamia maabara nzima, na nafasi yake ya kupima imebaki wazi. Yeye ndiye aliyelitaja jina la Zamoyoni. Mwisho wa kuripoti ni Jumatatu ya wiki ijayo, saa kumi jioni, asipofika watamchukua atakayekuwepo.

Nilimpelekea. Alikuwa mezani anapiga mistari kwenye kadi kwa rula. Aliisoma yote, akaigeuza nyuma, akaniuliza imefika saa ngapi na nani ameifungua. Nikamwambia nimeifungua mimi. Nikamwambia mwanangu, nilikosea mimi, begi nitakufungia mimi, nenda. Kama ni hujuma watanishika mimi, nitawaambia nilikuchapa.

Aliweka barua sawa na ukingo wa meza.

"Hukukosea, Mama. Tulifuata utaratibu," alisema. "Na Jumatatu hiyo nina semina."

Nilimwomba tena Jumapili. Nilimwomba na leo asubuhi, nimeshika mguu wa meza. Ameniambia nisiisogeze, mistari itapinda.

Semina yenyewe ni ya kuwafundisha waliomaliza shule namna ya kutunza mafaili manne. Ni ukumbi wa halmashauri, saa mbili asubuhi, na mfundishaji ni yeye. Watoto wenu wameandikiwa barua za kuitwa. Nimeziona hizo bahasha, nimezibandika mimi mwenyewe, gundi ilikuwa yangu. Zitawafikia kesho au keshokutwa, na watoto watawauliza kama waende.

Basi la Mrunguo ni saa kumi na mbili asubuhi, linasimama mbele ya mashine ya kusaga. Kama yuko kwako mtoto aliyesomea maziwa, mpandishe Jumapili ijayo. Kiwanda kiko mkono wa kushoto ukishuka, kuna ng'ombe amechorwa getini. Aulize Sikudhani. Asiandike barua. Vyeti avitie kwenye mfuko wowote ule, na akikuuliza, usitazame meza.